Maswali yenu kuhusu farasi: woga, masikio na sukari mkononi

Mvua zimekatika, vumbi la Lubumbashi limeanza kutuingia puani, na kila Jumapili familia zinakwenda tena kutazama farasi. Ndiyo maana ujumbe umekuwa mwingi. Wanaouliza bei ya kupanda nimewaacha, wawaulize wenye farasi. Leo nawajibu wanaotaka kuelewana na mnyama huyu.

Yaya, binti yangu wa miaka tisa anataka kujifunza kupanda farasi. Anayeogopa ni mimi. Nasikia farasi ananusa woga. Nikimsindikiza sitamharibia? (Mama, mtaa wa Golf)

Mama, pua yake ni kali, lakini hata asiponusa kitu atakujua. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walieleza jaribio moja ninalolipenda. Watu waliwaongoza au kuwapanda farasi, wakipita njia ileile mara kadhaa. Mara ya mwisho waliambiwa kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa ghafla farasi akipita. Mwavuli haukufunguliwa. Hata hivyo mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda pia, ingawa farasi hakuambiwa lolote.

Alijuaje? Mtu mwenye wasiwasi hubana kamba, hushika pumzi, huanza kutembea kama mwenye miguu ya mbao. Farasi ni mnyama anayewindwa na wanyama wakali. Mababu zake walipona kwa kumwangalia mwenzao: yule akikaza shingo, kuna kitu kwenye majani. Kwa hiyo woga wako hausomi kama «mama huyu ananiogopa mimi». Anausoma kama habari kwamba kuna hatari mahali fulani, naye anaanza kuitafuta.

Basi usijifanye jasiri, kwa sababu mwili wako utasema kingine na farasi atausikiliza mwili. Toa pumzi taratibu hadi iishe, legeza magoti, acha mabega yashuke. Usimkazie macho. Kama bado moyo unadunda, simama nje ya uzio na umwachie mwalimu kamba. Hakuna aibu hapo.

Kuhusu binti: siku za kwanza asipande. Apige brashi, ajifunze kuinua kwato akiwa na mtu mzima, amtembeze farasi na kusimama naye. Mwalimu anayemrusha mtoto juu ya tandiko hata kabla hajamgusa farasi shingoni, mimi ningemtafuta mwingine. Na kofia ngumu kichwani, hata kwa matembezi ya dakika tano.

Nilinyoosha mkono nimpapase farasi kwenye paji la uso, akarusha kichwa juu kama nimemchoma. Nilimkosea nini? (Kijana, Katuba)

Hukumkosea, hakuuona mkono. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa na huona karibu duara zima, ila kuna sehemu mbili zenye giza: mbele kabisa ya paji la uso, karibu, na nyuma ya mkia. Mkono wako ulitokea mahali ambapo kwake hapana kitu. Njoo kwa upande wa bega, sema neno kabla hujafika, shusha mkono anuse kwanza, kisha umguse shingoni au begani. Ukilazimika kupita nyuma yake, ama pita mbali kabisa, ama pita karibu sana huku mkono wako uko juu ya mgongo wake, ajue uko wapi. Mahali pabaya ni katikati, pale teke linapofika likiwa na nguvu zote.

Nifundishe kusoma masikio. (Mwanafunzi, Kampemba)

Masikio ni mwanzo mzuri, lakini watu huyaamini kupita kiasi. Yakielekea mbele, kuna kitu anakiangalia. Huenda kinamfurahisha, huenda kinamtisha. Moja likiwa kwako na jingine kwingine, anakusikiliza huku akilinda mlango. Yakilegea pembeni na mdomo wa chini ukining'inia, anapumzika, mwache. Yakibanwa nyuma hadi yalale shingoni, ondoka kwanza, uulize baadaye. Ila farasi aliyebeba mtu mara nyingi hugeuza masikio nyuma bila kuyabana: anamsikiliza aliye mgongoni.

Sasa tazama uso wote. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha Sussex, Uingereza, waliorodhesha miondoko ya misuli ya uso wa farasi wakapata 17. Mbwa ana 16, binadamu 27. Uso huo una mengi ya kusema. Angalia mkunjo juu ya jicho, pua iliyokazwa, kidevu kilichobanwa, mkia unaopigwa wakati hakuna nzi.

Na kuna jambo moja ambalo huwa linaniudhi. Utasikia watu wakisifu: «Huyu ni mpole, hana neno.» Ukimtazama, amegeukia ukuta, shingo imelala usawa wa mgongo, macho wazi lakini hayafuati kitu, masikio hayageuki hata ukidondosha ndoo. Watafiti wa Rennes, Ufaransa, wameandika juu ya farasi wa namna hii katika shule za kupanda, wakaona hali yao inafanana na ya mtu aliyekata tamaa. Farasi anayepumzika hujibu ukimwita, walau kwa sikio. Huyu hajibu. Usimsifu upole wake, uliza anakula nini, anaumwa wapi, na lini mara ya mwisho alitoka bandani akakaa na wenzake.

Mkubwa wangu wa kazi anasema nimchape farasi anayeuma kila ninapofunga mkanda wa tandiko tumboni. Mimi naona ana sababu. Nifanyeje bila kupoteza kazi? (Mtunza farasi, barabara ya Kipushi)

Papa, unaona vizuri, na swali lako ndilo lililonifanya niandike safu hii.

Tumbo la farasi hutoa asidi usiku na mchana, ale asile. Akiwa malishoni anaweza kula kwa saa 16 kwa siku, na mate ya kutafuna yanaipunguza makali asidi hiyo. Mfungie bandani, mpe pumba asubuhi na jioni bila kitu katikati, na asidi itaanza kula ukuta wa tumbo upande wa juu. Vidonda vya tumbo ni ugonjwa wa kawaida sana kwa farasi wa kazi. Sasa mtu anakuja kukaza mkanda hapohapo. Wewe usingeuma?

Si vidonda peke yake. Labda kuna mchubuko chini ya mkanda. Labda tandiko linakaa juu ya uti wa mgongo badala ya kukaa pembeni mwake. Anza hivi: kabla ya kumtandika, pitisha kiganja kifuani, mbavuni na mgongoni, ukibonyeza kidogo. Akishtuka pale ambapo hakuna tandiko, maumivu yako mwilini. Akitulia kabisa, kagua tandiko na mkanda wenyewe. Halafu mpe majani makavu atafune robo saa kabla ya kazi. Funga mkanda kwa awamu: uguse tu, mtembeze, kaza kidogo, mtembeze tena, ndipo umalizie.

Akikataa pia lijamu, au akidondosha chakula anapotafuna, fikiria meno. Magego ya farasi hukua makali ukingoni yakakata mashavu, na hilo halitengenezwi kwa fimbo. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha udaktari wa wanyama, unaweza kuanza kuuliza pale.

Kwa mkubwa wako, usianze na huruma. Anza na mfuko wake. Mwambie farasi akimuuma mteja, mteja harudi, na ndugu zake hawaji. Mwombe siku chache ujaribu majani kwanza. Mwambie pia kwamba farasi anayechapwa kwa kubana masikio hujifunza kutoyabana tena. Anauma moja kwa moja, bila onyo, na wa kwanza kuumwa ni mtoto wa mgeni.

Nilimpiga farasi wetu kwa hasira. Sasa nikiingia anakwenda kona ya mbali. Anakumbuka kweli, au naona vibaya? (Papa, Ruashi)

Anakumbuka. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, watafiti, wengi wao wa Sussex hiyohiyo, waliwaonyesha farasi picha ya mtu, ama amekunja uso, ama anatabasamu. Saa chache baadaye mtu yuleyule alikuja mbele yao na uso wa kawaida, bila kujua picha ipi ilionyeshwa. Walioona picha ya hasira walimtazama zaidi kwa jicho la kushoto, ambalo farasi hupenda kulitumia kwa jambo linalomtia shaka. Hiyo ilikuwa picha tu, papa. Wewe ulikuja na mkono.

Usiende na sukari kuomba msamaha. Ataichukua na bado atakukwepa, utaishia kukasirika upya. Kwa muda, ingia bila kamba na bila kazi. Weka maji, weka majani, simama kidogo ukimpa ubavu, toka. Fanya hivyo saa zilezile. Siku akinyoosha shingo kukunusa, usimshike. Mwache anuse mpaka achoke. Siku atakapokufuata hatua mbili, ndipo umguse begani, na uondoe mkono kabla hajauondoa yeye.

Nimeona video: mtu anamfukuza farasi kwenye duara, mwishowe farasi anainamisha kichwa na kumfuata. Wanasema amemkubali kama kiongozi. Nijaribu? (Kijana, Kamalondo)

Ningekushauri usijaribu. Video hizo ni tamu, muziki umepangwa vizuri, lakini maelezo yake hayanishawishi. Huko Sydney, Australia, watafiti walifanya kazi hiyo kwa kigari cha kuchezea kinachoendeshwa kwa rimoti. Kigari kilimfukuza farasi, na kila alipokigeukia kikaacha kumfukuza. Farasi wakajifunza kusimama na kukigeukia kigari. Hakuna atakayesema walikipa kigari uongozi wa kundi. Walijifunza tu kwamba wakikigeukia wanapata kupumzika.

Kama unataka kujua anapenda nini, mpe nafasi ya kuchagua. Norway walifundisha farasi 23 kugusa ubao wenye alama: mmoja maana yake nivike blanketi, mwingine nivue, wa tatu niache nilivyo. Farasi wote walijifunza, na siku za baridi na mvua waliomba blanketi, siku za jua waliomba livuliwe. Wewe huhitaji ubao. Mkune, kisha uache, urudi hatua moja, mikono chini. Akikusogelea au akikusukumia palepale ulipokuwa unakuna, amesema endelea. Akigeuza kichwa pembeni au akibadilisha mguu na kukaa kimya, amesema basi. Ukiheshimu «basi» ndogo hizo, hatakuwa na haja ya kusema kubwa.

Sukari au karoti? (Mtoto, kupitia simu ya dada yake)

Karoti, umeikata vipande virefu isije ikamkwama kooni, na uiweke ndani ya ndoo. Chakula cha mkononi kila siku kinamfundisha kupekua mifuko kwa meno. Kama unataka kumpa zawadi kwa mkono, mkune pale shingo inapokutana na mgongo. Ndipo farasi wanapokunana wao kwa wao kwa meno, na tangu 1993 inajulikana kwamba kukunwa hapo kunashusha mapigo ya moyo wao. Ukiona mdomo wa juu unajinyoosha na kutetemeka, umepapata penyewe.

Farasi wengi wa hapa walifundishwa kwa Kifaransa. Nikimsemesha Kiswahili atanielewa? (Dada, komini ya Kenya, Lubumbashi)

Baada ya siku chache, ndiyo. Anashika sauti na mwili, na neno lolote ukilirudia vilevile kila mara litamtosha. Mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na farasi mjini Berlin aliyeitwa Hans, ambaye watu waliamini anajua hesabu. Anaulizwa swali, anapiga kwato hadi kufikia jibu. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans alikuwa akimsoma muulizaji: kichwa cha mtu kilitikisika kidogo mno jibu lilipofika, bila mwenyewe kujua, na Hans akaacha kupiga. Muulizaji asiyejua jibu, Hans alishindwa. Watu walimcheka, nami sijaelewa kwa nini. Kuona mtikisiko ambao kamati nzima ya wataalamu waliomchunguza haikuuona ni kazi ngumu kuliko kujumlisha.

Sisi Wakatanga tuna punda milia kule mbuga ya Upemba, lakini hatukukua na farasi. Kwa nini? Na punda milia anaweza kuzoeshwa? (Mwalimu, Kamalondo)

Mwalimu, sababu kubwa ni wadudu. Mbung'o huleta ugonjwa wa nagana, na farasi anaugua vibaya sana. Kuna pia ugonjwa unaoitwa tauni ya farasi, unaoenezwa na visubi, vijidudu vidogo kuliko mbu. Farasi asiyechanjwa akiupata, mara nyingi hufa, wakati mwingine ndani ya siku chache. Punda milia hubeba virusi hivyo bila kuugua.

Kuzoeshwa, wachache wamewahi. Walter Rothschild, tajiri wa Uingereza, aliwafunga kwenye gari lake akapita nalo London. Lakini farasi wa leo wanatoka kwa mifugo iliyoanza kuenea miaka kama 4,200 iliyopita kutoka nyika za mito ya Volga na Don huko Urusi, vizazi kwa vizazi vya kuchagua waliovumilia watu. Punda milia hakuchaguliwa hivyo. Wa Upemba ndio wa mwisho nchini mwetu, wabaki walipo. Mwenye farasi hapa mjini naye awarudishe bandani kabla jua halijazama, hasa mvua zinapoelekea kwisha, maana visubi huuma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri.