Jibu: Mstari wa nifH unaotokea hata kwenye sampuli tupu

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba maji yako ya Bahari ya Chukchi (katika Aktiki, kaskazini mwa Mlango wa Bering) yanaonyesha nifH, jeni ya bakteria wanaofunga nitrojeni (wanaoigeuza gesi ya nitrojeni kuwa kirutubisho), baada ya raundi ya pili ya PCR, njia ya kunakili DNA, lakini mstari huohuo wa DNA kwenye jeli, ingawa hafifu, unatokea karibu na urefu wa jozi besi 360 hata kwenye sampuli tupu, yaani isiyotiwa maji ya bahari. Anza na vitendanishi (kemikali na vimeng'enya vya PCR) kabla ya kuyatilia shaka maji. Mimi nilipoteza wiki kadhaa nikiamini nimepata bakteria mpya, kumbe nifH ilikuwa imo ndani ya vitendanishi vyenyewe. Tatizo hili ni la zamani, na huumiza zaidi pale bakteria wanaofunga nitrojeni wanapokuwa wachache. Soma mfuatano wa DNA ya mstari wa sampuli tupu, kisha ondoa kwenye matokeo yako kila mfuatano unaofanana nao. Ukibaki na UCYN-A, sianobakteria inayofunga nitrojeni, usiitupe, kwani imekwisha kupatikana katika bahari za Chukchi na Bering ikiishi ndani ya mwani mdogo. Ukipima kasi ya kufunga nitrojeni kwa gesi ya nitrojeni-15 (nitrojeni nzito inayotumika kama alama), iyeyushe kwanza katika maji ya bahari yaliyochujwa, kwa sababu kiputo kilichodungwa moja kwa moja chupani huyeyuka polepole na kukupa kiwango pungufu.