Uraia wa pili, shamba la Seme na wajukuu: barua kwa binti yangu aliyeko Ujerumani

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ukichukua uraia wa Ujerumani utakuwa umeacha kuwa Mkenya, na kama watoto utakaowazaa huko watahesabiwa wa kwetu. La kwanza, hapana. La pili, ndiyo. Lakini yapo masharti, na ningependa uyajue kabla hujatia sahihi popote.

Maonyo unayoyasikia kwa wajomba zako ni ya sheria ya zamani. Hadi Agosti 27, 2010, Mkenya mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari alipoteza wa Kenya. Kifungu cha 16 cha katiba ya sasa kinasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata mwingine. Ujerumani nayo imelegeza: tangu Juni 27, 2024 haidai tena uachane na uraia wako wa awali, na miaka ya kuishi huko kabla ya kuomba imeshuka kutoka 8 hadi 5. Kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba lazima ujaze fomu ya kuukana uraia wa Kenya. Hiyo ni hatua nyingine kabisa, nawe huihitaji.

Kinachoponza ni kunyamaza. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inakutaka uutangaze uraia wa pili ndani ya miezi mitatu tangu uupate. Asiyetangaza ana kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Siku utakapokabidhiwa cheti chao cha uraia, anza kuhesabu. Na kabla ya hapo kagua majina yako kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na pasipoti, herufi kwa herufi. Sisi tuna majina matatu, wao wanataka kujua lipi ni la ukoo. Likiandikwa tofauti huko na huku, utajikuta unathibitisha kwamba wewe ni wewe.

Ukija nyumbani, ingia na pasipoti ya Kenya. Ukitoa ya Kijerumani peke yake, afisa wa uhamiaji atakupokea kama mgeni, mwenye siku za kukaa zilizohesabiwa. Usiiache ya Kenya iishe muda.

Sasa watoto. Hapa pana jambo ambalo kila mama Mkenya aliye ng'ambo anapaswa kulijua. Chini ya katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje alirithi uraia kwa baba Mkenya. Mama peke yake hakutosha. Kifungu cha 14 kimeondoa dhuluma hiyo: mzazi mmoja akiwa raia siku ya kuzaliwa kwa mtoto, awe mama au baba, mtoto ni raia wa kuzaliwa, popote alipozaliwa. Lakini haki isiyo na karatasi ni ngumu kuitumia. Mtoto akizaliwa, omba kwao cheti cha kuzaliwa cha lugha nyingi, kisha upeleke ubalozi wetu Berlin pamoja na pasipoti yako. Usingoje afikishe umri wa shule. Kumbuka pia kwamba kifungu hichohicho kinaliruhusu Bunge kuwawekea mpaka vizazi vya Wakenya waliozaliwa nje, kwa hivyo kwa wajukuu zako wewe mambo yanaweza kuwa mengine.

Kuhusu shamba la Seme, usikubali kuambiwa kwamba msichana aliyeolewa na Mjerumani hana sehemu. Sheria ya Urithi haimtengi binti, awe ameolewa au la. Na ukiwa raia, unaweza kumiliki ardhi moja kwa moja. Asiye raia, kwa kifungu cha 65, anapata kodisho tu, lisilozidi miaka 99. Mtego uko kwenye kampuni: mkinunua kiwanja kwa jina la kampuni ambayo mumeo ana hisa, hata hisa moja, kampuni hiyo haihesabiwi kuwa raia na itaishia kwenye kodisho. Nunua kwa jina lako.

Kura unayo, ingawa imepungua. Mwaka 2022 Wakenya walioko Ujerumani walipigia kura rais tu. Gavana wa Kisumu hawakumchagua. Na ukitaka siku moja kushika kiti cha kuchaguliwa, kifungu cha 78 kitakulazimu uache uraia wa Ujerumani. Naona hilo ni kali mno kwa watu tunaowategemea kwa karo na dawa, lakini ndivyo lilivyo.

Mipaka yenyewe haikushuka kutoka mbinguni. Kisumu hii ilikuwa ndani ya Uganda hadi 1902, Waingereza walipohamisha mkoa mzima kuingia himaya ya Afrika Mashariki. Reli ilikuwa imefika ziwani miezi michache tu kabla. Wasamia pale Busia mpaka leo wako pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda. Watu walibaki na dala zao, yaani maboma yao, serikali ndiyo iliyobadilika juu yao. Basi anayekuambia umekuwa mgeni kwa sababu ya pasipoti, usimpe usingizi wako. Dala inamjua mtu kwa kuja matangani, kwa kuwapa watoto majina ya waliotangulia, na kwa kuwafundisha Kidholuo cha kutosha kumwamkia nyanya yao bila mkalimani. Hayo hayafanywi na ubalozi.

Nitumie nakala ya cheti chako cha kuzaliwa wiki hii nikilinganishe na kitambulisho chako cha zamani kilichoko hapa. Tukikuta kosa, ni rahisi kulirekebisha ukiwa bado na uraia mmoja.

Mama yako,
Kisumu