Mlinzi wa Viatu: Ushauri kwa Mwenzangu Unayeogopa Bembea Kubwa

Nina kazi moja isiyo na mshahara ambayo nimeifanya kila sikukuu tangu watoto wa dada yangu waanze kutembea. Kulinda viatu. Wanavua ndala, wananirundikia mapajani pamoja na simu, pochi na nusu ya mhindi wa kuchoma, halafu wanakimbilia kwenye bembea. Mimi nabaki chini ya mwembe. Mtu akiniuliza mbona sipandi, nasema mgongo unanisumbua. Mgongo wangu mzima kabisa. Naogopa tu.

Wanaonijua hucheka zaidi, maana mimi ni fundi wa injini za boti hapa Mtwara mjini. Nimevuka kwenda Msangamkuu kusi likivuma, mkono mmoja umeshika mpini wa injini na mwingine unachota maji kwa kopo. Kule Newala, pale Shimo la Mungu, ardhi inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma likatandazwa chini kama mkeka, nimekaa karibu na ukingo nikamenya embe bila wasiwasi. Kwa hiyo maji siyaogopi, na kimo sikiogopi. Lakini nisogeze karibu na ile meli ya chuma inayobembea mbele na nyuma, magoti yanalegea hata sijafika dirisha la tiketi.

Kwa miaka mingi nilijiita mwoga, nikaishia hapo. Siku hizi nasema kosa langu lilikuwa kuliacha neno hilo peke yake. Woga wa nini hasa? Hilo ndilo swali ambalo ningetaka ujiulize kabla ya kulipa, na nitakueleza nililipataje.

Nilikuwa nakwenda Dar kufuata vipuri, dada akaniomba niwachukue wanawe wawili wapo likizo. Basi la alfajiri, Mingoyo, Nangurukuru, tukapita Daraja la Mkapa pale Rufiji watoto wakiwa wamelala midomo wazi. Siku ya tatu tukawa kwenye bustani ya michezo huko Kigamboni. Binti, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 11, akanishika mkono: "Mjomba, leo hakuna mgongo." Na watu wanasikia. Nikapanda meli.

Nafasi zilizobaki zilikuwa ncha ya nyuma kabisa. Sikujua kwamba kuna siti na siti. Mbembeo wa kwanza nilicheka. Wa pili nikanyamaza. Wa tatu meli ilipopanda upande wetu ikasimama kidogo kule juu, kama inafikiri, nikahisi tumbo limebaki hewani na mimi naondoka. Nilikamata kitu cha kwanza kilichokuwa karibu. Kilikuwa mkono wa mama mmoja aliyevaa baibui, nisiyemfahamu kabisa. Mpaka leo nasikia sauti yake, ya upole tu: "Kaka, utanivunja vidole."

Niliposhuka nilikaa kwenye majani karibu nusu saa. Kijana aliyekuwa anaendesha ule mtambo akaniletea maji, akasema, "Mzee, ulikaa vibaya. Nyuma wanakaa wenye wazimu wao. Kaa katikati."

Sentensi hiyo ilinifundisha kuliko dhihaka zote za shemeji zangu, kwa sababu kichwa cha ufundi kiliamka. Ebu tazama meli ile ikiinama: aliye ncha ya kushoto yuko juu kabisa, na aliye katikati yuko mita kadhaa chini yake. Mnabembea pamoja lakini mwenye ncha anapandishwa juu zaidi na kuangushwa zaidi. Na lile tumbo linaloruka si uchawi. Ukiwa umekaa, kiti kinakusukuma kwenda juu, na matumbo yote yamelaliana kwa uzito wake. Meli ikifika mwisho wa mbembeo, kwa muda mfupi kiti hakikusukumi sawasawa, utumbo unakuwa kama hauna uzito, na mwili unapokea habari moja tu: tunaanguka. Moyo unaenda mbio, jasho linatoka, mikono inatafuta pa kushika. Mwili wako haujakosea. Umefanya kazi yake, ila haujui kwamba umelipia tiketi.

Kwenye dau napanda wimbi na kushuka vilevile. Tofauti ni kwamba wimbi naliona linakuja, mpini ninao, na goti linajua lijikunje lini. Kwenye meli ile sina hata usukani wa kujidanganyia. Hapo ndipo nilipoujua woga wangu: siogopi kimo, naogopa kuangushwa na mtu mwingine kwa wakati anaoutaka yeye.

Wako unaweza kuwa mwingine kabisa. Kuna rafiki yangu mvuvi ambaye meli hiyo kwake ni kitanda, lakini gurudumu kubwa lile la taratibu hapandi hata umpe pesa. Yeye kinachomuua ni kusimama juu akisubiri wengine wapakiwe chini, kikapu kikitikisika. Nikamwambia kwamba gurudumu la kwanza la aina hiyo, alilolijenga George Ferris huko Chicago mwaka 1893, lilikuwa na kimo cha mita 80 hivi, vyumba 36, na kila chumba watu 60. Yaani watu 2,160 kwa pamoja, mabasi zaidi ya 30 ya Mtwara kwenda Dar yakiwa yamejaa, yanazungushwa hewani. Haikumsaidia. Alisema wale ni Wazungu. Kwa mtu kama yeye ushauri ni mfupi: macho yatazame mbali, kwenye upeo, yasitazame chini kati ya miguu, na apande na mtu anayejua kupiga stori.

Vinavyozunguka, vile vikombe na viti vya minyororo, hivyo ni habari ya masikio. Ndani ya sikio kuna vijineli vitatu vyenye majimaji, na vyenyewe ndivyo vinavyoambia ubongo kwamba kichwa kinageuka. Ukizungushwa kwa muda kisha ukasimamishwa, majimaji yale yanaendelea kwenda, macho yanasema tumesimama, masikio yanasema bado. Ndiyo maana ukishuka unapepesuka kama umetoka kilabuni. Wengi wetu tukishavuka miaka 40 tunagundua kizunguzungu kimekuwa kikali kuliko enzi za utoto. Huko mimi sirudi, na wala sioni aibu. Ukitaka kupanda, usiwe na njaa, na usiwe umetoka kushindilia ming'oko na pilipili. Kipande cha tangawizi cha kutafuna kabla huwasaidia baadhi ya watu. Vidonge vya kichefuchefu cha safari vinafanya kazi lakini vingi vinaleta usingizi, basi usimeze kisha ukaendesha pikipiki kurudi nyumbani.

Jambo lililonishangaza ni treni ya reli, ile ya kupanda mlima na kuporomoka, wengine wanaiita rola kosta. Nilidhani hiyo ndiyo itanimaliza. Nilichuchumaa pembeni nikaiangalia kwanza, kama ninavyoangalia injini ya mtu kabla ya kuigusa. Treni za aina ile kwa kawaida hazina injini ndani yake. Mnyororo unaivuta hadi kileleni, kisha inaachiwa iende kwa uzito wake, kama lori lililowekwa gia huru kwenye mteremko wa kutoka Newala. Kilichonituliza ni magurudumu. Yako ya juu ya reli, yako ya ubavuni, na yako yanayoishika reli kwa chini, kwa hiyo gari haliwezi kuruka likaiacha njia yake. Nilipanda, nikakaa katikati. Mbele kabisa unaning'inia ukitazama shimo ukisubiri wenzako wa nyuma wafike kileleni. Nyuma kabisa unavutwa kwa kasi kupita kilele, kwa hiyo ndiko utakakorushwa zaidi. Katikati kuna nafuu ya pande zote. Na niliipenda! Kona naiona, mteremko nauona, najua sasa hivi tunashuka. Mtu yule yule aliyemvunja mama wa watu vidole.

Kwa hiyo usiseme "mimi siwezi michezo ile". Iangalie mmoja mmoja. Simama kwenye uzio uangalie mizunguko miwili mitatu, uhesabu inachukua muda gani. Mingi haimalizi dakika tatu. Nilipoirudia meli alasiri ile, nikiwa katikati, nilikuwa nahesabu mibembeo. Nilikuwa natoa pumzi ndefu kila tunapoanza kushuka, badala ya kuibana kama mara ya kwanza, na nyayo nimezikandamiza sakafuni. Nilipiga kelele pia. Piga kelele, ndugu yangu, hakuna anayekusikia kati ya wote wanaopiga. Nisikudanganye kwamba nilifurahia. Sikufurahia. Ila sikumshika mtu vidole.

Sasa kuna woga mmoja ambao sikushauri uushinde hata kidogo: woga wa mashine yenyewe. Bembea nyingi tunazoziona huku kwetu si za bustani kubwa. Ni zile zinazokuja na lori siku za Idi, zinafungwa usiku, kesho kutwa zimeondoka. Kitu kinachofunguliwa na kufungwa kila wiki kinalegea, hiyo haihitaji cheti cha ufundi kuijua. Mwaka mmoja, Idi Pili, kwenye kiwanja kimoja Lindi, nilikuwa na viatu vyangu mapajani kama kawaida nikaona nati moja ya mkono wa bembea imefungwa kwa waya. Waya wa kufungia uzio. Nikainuka, nikawatoa watoto kwenye foleni mbele ya watu, wao wakilia na kijana wa tiketi akiniambia mzee acha ushamba.

Bembea ile haikuanguka siku ile. Watu walipanda hadi magharibi, na shemeji alinisimulia jambo hilo kwenye kila msiba kwa mwaka mzima. Mama yangu peke yake ndiye aliyesema, huku anapepeta mchele, kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Unaweza kukagua bila kuwa fundi. Tazama miguu ya mtambo: imekaa kwenye ardhi ngumu na mbao pana, au imewekewa mawe na matofali yaliyopasuka? Sikiliza. Beringi yenye grisi inavuma, iliyokauka inalia na kukwaruza. Angalia pale palipochomelewa kama kuna ufa au kutu inayochuruzika. Vuta mkanda wako mwenyewe kwa nguvu kabla hawajawasha, na chuma cha kifuani kikipandishwa kwa kidole tu, shuka. Kubwa zaidi mwangalie anayeendesha. Anakagua kila mtu kabla ya kuanza, au anachati na simu? Akiwa anawapakia watoto wanne kwenye kiti cha wawili ili wamalizike haraka, hapo huna haja ya kuangalia nati.

Na mwili wako nao ni mashine. Mwenye ujauzito, mwenye ugonjwa wa moyo au presha, mwenye shida ya kweli ya shingo au mgongo (si ya kwangu), aliyefanyiwa upasuaji karibuni: hao hawapandi vya kurusha, na mtoto ambaye hajafika kimo kilichoandikwa getini asisimamishwe kwa vidole ili apite. Chuma kile kimepimwa kwa miili mikubwa. Mdogo anaweza kupenya chini yake.

Nimalizie na watoto, maana hapo ndipo tunapoharibu. Mpwa wangu wa kiume alikuwa na miaka 8 safari ile ya Kigamboni. Alipofika mbele ya foleni ya treni alianza kulia. Baba mmoja nyuma yetu akasema, "Mpandishe tu, atazoea, mtoto wa kiume huyo." Nilikaribia kumsikiliza. Sisi wengine tulilelewa hivyo, kuogelea nilifundishwa kwa kutupwa kutoka kwenye ngalawa. Lakini niliukumbuka ule mbembeo wa tatu. Mtoto anayepakiwa akilia hajifunzi ujasiri kule juu. Anajifunza kwamba mjomba wake anaweza kumfungia mahali asikotaka. Nikamwambia tutoke kwenye foleni, nani alisema lazima? Nikampa cheo.

Akakaa nami kwenye benchi, akapanga viatu vyote kwa jozi, vya watu tusiowajua pia, kwa sababu wenzetu wawili watatu walikuwa wameona tunaaminika. Nikatoa korosho nilizotoka nazo nyumbani. Dada yake alirudi nywele zimesimama, uso umempauka, akakaa katikati yetu bila kusema neno, akanyoosha mkono apewe korosho. Baada ya muda yule mdogo akamuuliza, taratibu, "Ulikaa wapi?"

"Nyuma."

"Mjomba anasema katikati," akamwambia, akampa ndala zake.