Maswali ya Wasomaji: Tulipotezana baada ya shule, nitampataje?

Swali: Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2001 katika shule ya bweni mkoani Tabora. Namtafuta rafiki yangu wa kitanda cha deka, mimi nilikuwa juu, yeye chini. Kwao ni Mpanda. Kwenye daftari langu nina namba aliyonipa mwaka 2003, inaanza na 0744, lakini haipatikani. Facebook nikiandika jina lake wanakuja watu kibao nisiowajua. Nianzie wapi? – Msomaji, Morogoro

Jibu: Hiyo namba usiitupe. Miaka ile Vodacom walitumia 0744, Celtel 0748 na Mobitel 0741. Zilipobadilishwa, 0744 ikawa 0754, 0748 ikawa 0784 na 0741 ikawa 0713, lakini tarakimu 6 za mwisho hazikuguswa. Kwa hiyo piga 0754 ukimalizia na zile sita zako. Jiandae pia kwa mawili. Laini nyingi za zamani zilifungwa kuanzia Januari 2020 kwa kutosajiliwa kwa alama za vidole, na namba iliyokaa muda mrefu bila kutumika hupewa mteja mwingine. Akipokea mtu mgeni, usimsimulie habari za rafiki yako. Uliza kama anamfahamu, shukuru, kata simu.

Namba ikigoma, acha kulisaka jina, tafuta kwao. Jina hubadilika sana: shuleni alitumia la baba, Facebook ameweka la babu, na huko kazini huenda wanamwita Baba Fulani. Kwao hakuhami kirahisi hivyo, ila mkoa wenyewe unaweza kuwa umebadilika. Mpanda mliyoandika kwenye fomu za shule ilikuwa mkoa wa Rukwa, na tangu 2012 iko Katavi. Vivyo hivyo, wa Bariadi sasa ni wa Simiyu, si Shinyanga; wa Makambako ni wa Njombe, si Iringa; wa Mbozi ni wa Songwe tangu 2016. Ukiuliza kwenye makundi ya watu wa Rukwa, utakuwa unabisha hodi nyumba ambayo si yao.

Hatua inayofuata ni shuleni kwenu. Shule huwa na rejista ya uandikishaji, kitabu kikubwa chenye jina kamili la mwanafunzi, jina la mzazi au mlezi na, kwa sekondari, shule ya msingi aliyotoka. Hiyo shule ya msingi ndiyo dhahabu, kwa sababu inakufikisha hadi kijijini, na mtendaji wa kijiji au mwalimu wa siku nyingi ataijua familia. Ila usimwombe mkuu wa shule akupe taarifa za mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inambana, na ana haki ya kukukatalia. Mwombe afikishe ujumbe wako. Nenda mwenyewe au tuma barua fupi namna hii:

“Nilisoma hapa 1998 hadi 2001, bweni fulani, mkondo B. Namtafuta (majina matatu), aliyetoka Mpanda. Naomba mumfikishie yeye au familia yake namba yangu hii, ili akipenda anitafute mwenyewe.”

Ambatanisha nakala ya cheti chako. Bila uthibitisho kuwa ulisoma pale, barua itaishia kwenye faili. Kurasa za matokeo ya kidato cha nne za Baraza la Mitihani usipoteze muda nazo: zinaonyesha namba ya mtahiniwa, jinsia, daraja na alama, si majina.

Njia nyingine ambayo watu huisahau ni wapishi, matroni na walinzi wa zamani. Walimu wanahamishwa, lakini hawa mara nyingi wamestaafu hapohapo jirani, na wanakumbuka nani alikuwa ndugu wa nani.

Swali: Tulikuwa 41 darasani. Wavulana tumewapata karibu wote, wasichana ni 6 tu. Kwa nini? – Msomaji, Mwanza

Jibu: Wengi wameolewa, wakachukua majina ya waume zao au wakajulikana kwa jina la mtoto wa kwanza. Tafuteni kaka zao, ambao bado wanatumia jina la baba. Muulize kila dada kati ya hao 6 ataje wawili aliokuwa akisuka nao nywele au kwenda nao kuteka maji, maana kila mmoja huwa na wake. Na mkimpata, azungumze naye dada mwenzake kwanza. Simu ya ghafla kutoka kwa mwanamume asiyejulikana nyumbani inaweza kumletea matatizo makubwa asiyostahili.

Swali: Mtu kajiunga kwenye kundi letu la WhatsApp, anadai ni mwenzetu, na siku ya tatu tu anaomba nauli ya kumpeleka mtoto hospitali. Tumjuaje? – Msomaji, Dodoma

Jibu: Msitume kitu bado. Anzeni kama mnataka kumtumia kwa simu, someni jina litakalotokea, kisha sitisheni kabla ya kuweka namba ya siri. Jina likitofautiana, msimhukumu papo hapo, maana wapo wanaotumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mke au ndugu. Mpigieni kwa video, mumuulize jambo ambalo halimo kwenye mazungumzo ya kundi wala kwenye picha mlizoweka: kengele ya shule ilikuwa nini, rimu ya gari au kipande cha reli, na ilining'inia wapi? Tapeli anasoma kundi zima kabla ya kuomba, kwa hiyo swali ambalo jibu lake liko humo halisaidii. Na kama kweli ni mwenzenu na mtoto anaumwa, simu ya dakika 5 haitamuudhi.

Swali: Nimempata, ujumbe umesomwa, hajibu. Nimtumie tena? – Msomaji, Tanga

Jibu: Mara moja tu, baada ya wiki 3 au 4, na usiulize kwa nini amekaa kimya. Angalia kwanza ulichoandika mwanzo. “Mambo, unanikumbuka?” humtia mtu wasiwasi, kwani hivyo ndivyo wanavyoanza wanaotaka kukopa. Andika jina lako la shuleni, jina la utani mliloitana, mwaka na mkondo, kisha sema wazi kwamba huna shida yoyote, ulitaka kumjulia hali. Usimwingize kwenye kundi bila kumuuliza. Wapo waliofukuzwa kwa kukosa ada, waliopata mimba wakakatizwa masomo, waliofeli wakati wenzao wakifaulu. Kwao, majina 40 yakitokea kwa mpigo kwenye simu ni kurudishwa mahali walipoumia. Mwachie namba yako humo humo; akinyamaza tena, basi.