Riadha na tabia ya mtoto: anzia kwenye orodha ya majina

Kila msimu wa UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, ukikaribia, hotuba ni ile ile: michezo inajenga nidhamu, michezo inajenga tabia njema. Mimi ni mwalimu wa riadha sekondari, na kauli hiyo naikubali nusu. Uwanja unaweza kumfunza mtoto uaminifu, na uwanja huo huo unaweza kumfunza ulaghai, tena upesi. Kinachoamua ni sisi watu wazima tunaousimamia.

Chukua suala la mamluki. Kijana aliyemaliza kidato cha nne zamani anavalishwa jezi ya shule, anapewa jina la mwanafunzi aliyebaki darasani, anakimbia mita 1500 na kuwaacha wenzake mbali. Wanafunzi wote wanamjua. Wanashangilia, lakini wanajua. Mwalimu aliyefanya hivyo Jumamosi atasema nini Jumatatu akimkamata mtu anaibia mtihani? Bandika orodha ya majina kwenye ubao wa matangazo siku kadhaa kabla ya mashindano, kila mmoja aisome. Mkuu wa shule akikubembeleza kwamba tuazime mmoja tu, mkumbushe jina litakalochafuka wenzetu wakikata rufaa. Sisi tumewahi kuburuza mkia wilayani kwa kukataa jambo hilo. Msimu uliofuata waliojitokeza mazoezini waliongezeka, maana kila mtoto alijua nafasi yake haitachukuliwa na mgeni.

Ukiniuliza mchezo mmoja wa kujenga tabia, nitakutajia mbio za kupokezana vijiti, mita 100 mara nne. Anayepokea huanza kukimbia akitazama mbele, mkono nyuma, akiamini kwamba mwenzake atafika. Eneo la kupokezana ni mita 30. Kijiti kikivuka hapo hakijapokelewa, timu nzima imeondolewa. Nimeona mara nyingi watoto wanne wenye kasi ya kawaida, waliozoeana, wakiwashinda wanne wenye mbio kali waliokusanywa asubuhi ile ile. Wakishaliona hilo kwa macho yao, huna haja ya kuwahubiria umoja. (Kama shule haina vijiti, kata bomba la plastiki, sentimita 28 hadi 30. Vyetu vilitokana na mabaki ya ujenzi wa vyoo na havina shida yoyote.)

Kuna kanuni moja humo naipenda kuliko zote: kijiti kikidondoka, aliyekidondosha ndiye anayekiokota. Anaweza hata kutoka kwenye njia yake kukifuata, mradi asifupishe mbio wala asimzuie mwingine. Kwa hiyo mazoezini kikidondoka sipigi filimbi na wala sifoki. Okota, kimbia, maliza. Baadaye tunakaa chini ya mwembe na kila mmoja anaeleza yeye alifanya nini, si mwenzake alifanya nini. Wiki za mwanzo ni kazi kwelikweli: wa pili anamsingizia wa tatu, wa tatu anadai kijiti kilikuwa na jasho. Usiwakatize wala usiwagombeze. Sikiliza hadi mwisho, kisha uliza tu, "Na wewe je?"

Halafu tuache kutumia mbio kama adhabu. Mwanafunzi aliyechelewa mstarini anazungushwa uwanja asubuhi, jioni tunamwambia kukimbia ni raha. Nani ataamini?

Mwenye kasi kuliko wote naye asisamehewe zamu ya kufagia. Nyota akianza kubebewa maji na vijana wa kidato cha kwanza, mwalimu ameshachelewa. Kwetu yeye ndiye anayerudisha tufe na mikuki stoo.

Tunapenda pia kuwasimulia watoto habari za Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari, aliyeumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 na kumaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Tukiishia hapo, mtoto anadhani ushujaa ni kuchechemea mbele ya watu. Mimi huongeza kipande kinachosahaulika: mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari huyo huyo alimaliza wa tano. Alipona, akarudi mazoezini. Wanaosema hayo ni ya wazee nawapa Mtanzania mwingine, Alphonce Simbu: shaba ya marathoni ya dunia London mwaka 2017, dhahabu Tokyo mwaka 2025, miaka minane katikati. Na dhahabu hiyo aliipata kwa tofauti ya sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Hiyo nawasimulia sana wale wanaopunguza mwendo hatua tatu kabla ya utepe.

Wazazi huniuliza kuhusu asiyechaguliwa. Usimrudishe nyumbani. Mpe saa, mpe tepu ya kupimia, mpe kalamu, na umwachie kazi kweli, bila kumsimamia begani. Msimu uliopita binti wa kidato cha pili aliyeshika tepu kwenye kuruka chini alimwandikia kaka yake mwenyewe mita 4 na sentimita 80, huku kaka akiapa kwamba ni tano kamili. Kaka alinuna hadi jioni. Mwaka huu nimemkabidhi binti huyo daftari lote la matokeo.