Nasema wachore mazingira, wananichorea maepo

SWALI: Asalam alaykum. Nasomesha watoto wa miaka mitano na sita huku Micheweni, Pemba. Niliwaambia wachore mazingira yetu, karibu wote wakanichorea nyumba yenye bomba la moshi, mti wa maepo na milima miwili jua katikati. Na bahari tunaiona kutoka dirishani! Mmoja tu kachora bahari, nayo nyeusi tititi, nikaingiwa na wasiwasi. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam mwalimu wangu. Hayo maepo na milima wameyatoa vitabuni, wanadhani ndivyo picha inavyotakiwa iwe, sio kwamba bahari hawaijui. Usiwakosoe, watoe nje kwanza. Wapelekeni pwani maji yakiwa yamekupwa, muwe watu wazima wa kutosha, wamuone kaa anavyozama shimoni na mama zao wanavyofunga mwani, wachore hapohapo, halafu siku nyengine wakae palepale maji yamejaa wachore tena. Zitandike picha mbili pamoja uwaachie waseme wenyewe nini kimeondoka na kimekwenda wapi, hapo ndo utajua wanaijua pwani yao kiasi gani. Krayoni zikikosekana kuna mkaa, manjano, udongo mwekundu, majani ya kuponda.

Na mtoto akichora kaa anaonekana mpaka ndani ya mchanga, muache, umri huo wanachora wanachokijua, sio kile tu jicho linachokiona.

Sasa hiyo bahari nyeusi. Mimi pia nilishawahi kuhangaika na picha kama hiyo, nilishaanza kujiambia huyu mtoto anaogopa maji, nikajizuia nikamwambia tu, "Hebu nihadithie picha yako." Akaweka kidole kwenye kidoa cha manjano pembeni, kidogo kama punje ya mchele, mimi hata sikukiona, akasema "karabai ya baba". Baba yake anavua dagaa usiku, na dagaa wa taa huvuliwa kwenye giza la mwezi, bahari ingekuwa rangi gani tena?

Kwa hiyo usimuulize "hii nini?" wala "mbona nyeusi?", atahisi kakosea. Mwambie akuhadithie, maneno yake uyaandike nyuma ya karatasi vilevile kwa Kipemba chake, weka na tarehe. Labda ni usiku, labda krayoni ya buluu alikuwa nayo mwenzake. Muulize kesho asubuhi kabla hajasahau.