Shule yetu haina somo la sheria, nitakuwaje wakili?

Barua nyingi za majuzi zimetoka kwa wanafunzi wa vidato vya juu wenye hamu ya uwakili, na wazazi wao. Najibu hizi tano.

Mwalimu, niko kidato cha tatu Kisauni. Shuleni kwetu hakuna somo la sheria. Nihamie wapi?

Usihame. KCSE, mitihani ya kumaliza sekondari, haina mtihani wa sheria, kwa hivyo hata hao unaowaonea kijicho hawausomi. Kusomea shahada ya sheria unatakiwa wastani wa C+, na angalau B ya Kiingereza au Kiswahili. Hiyo "au" isome mara mbili. Watoto wetu wa pwani hudharau Kiswahili kwa kuwa ni cha nyumbani, wakaandika insha kama wanamtumia rafiki ujumbe wa simu, kisha matokeo yakitoka wanashika vichwa. Sheria yenyewe utaionja kwenye Historia na Serikali: Katiba, Bunge, mahakama.

Na hesabu je? Zinanishinda kabisa.

Wakili haitwi kortini kukokotoa logi, lakini wastani wako unahesabiwa pamoja na hesabu. Tafuta walau D+, usiziache zikulize.

Binti yangu yuko shule ya kimataifa, anataka kuchukua sheria kwenye A-level. Itamfaa? (Mama, Nyali)

Akilipenda alichukue, mama, ila si tiketi. Vyuo vikuu vya Uingereza kwenyewe, mitihani ya A-level inakotoka, havimlazimishi anayeomba shahada ya sheria awe amelisoma. Ajue pia kwamba atakachofundishwa ni sheria ya Uingereza. Si hasara, maana Kenya ilirithi misingi ya sheria hiyo kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na hata kesi za baadaye hutajwa huku. Mwulize akifika kwenye ile ya 1932, ya bibi wa Uskoti aliyedai amekuta konokono aliyeoza ndani ya chupa ya soda ya tangawizi. Mimi kesi hiyo haijanichosha.

Nimesoma madrasa tangu utotoni. Naweza kuwa kadhi bila kuwa wakili?

Kwa Katiba ya 2010, kifungu cha 170, kadhi awe Mwislamu na mjuzi wa sheria ya Kiislamu kiasi cha kuiridhisha Tume ya Huduma za Mahakama. Uwakili haukutajwa. Kazi yake ni ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, baina ya Waislamu waliokubali kwenda kwake. Wakili njia yake ni nyingine: shahada ya miaka minne, kisha mafunzo ya Kenya School of Law na mitihani ya uwakili.

Naruhusiwa kuingia kortini kutazama tu?

Naam, kesi husikizwa hadharani isipokuwa chache zenye sababu maalumu. Nenda likizo hii, ukae benchi la nyuma. Siku moja nilimwona kijana ameshtakiwa kumpiga jirani. Karani akamsomea shtaka kwa Kiswahili, lugha inayoruhusiwa mbele ya hakimu (Mahakama Kuu ni Kiingereza). Akajibu, "Ni kweli, lakini yeye ndiye aliyeanza kunipiga." Hakimu akainua kalamu, akamtazama, kisha akaandika kuwa amekana. Kule nje mamake analalamika: mtoto kasema kweli, mbona wamemwandika muongo?

Hawakumwandika muongo. Aliyekiri kisha akaongeza jambo la kujitetea hajakiri kisheria, na mashahidi lazima waitwe. Ile "lakini" ndiyo iliyomzuia kuhukumiwa asubuhi ileile. Mwalimu wako wa sarufi angeiita kiunganishi tu.

Zima simu kabla ya kuingia. Askari wa mlangoni hana mzaha.